Kazadi Aliyeoa Nyumba

Haya ni kweli tupu. Naapa kwa mama yangu aliyelala Mutshatsha, naapa kwa macho yangu yote mawili, hata lile la kushoto ambalo halinisaidii tena. Na kwa kuwa watu wa Kolwezi hawaniamini hata nikiwaambia mvua inanyesha nao wamelowa, naweka dhamana: jogoo wangu mwekundu, yule anayewika kabla ya king'ora cha mgodi. Atakayekuta uongo humu ndani, hata uongo wa ukubwa wa dagaa, amchukue amle.

Tata Kazadi alikuwa fundi wa yale magari makubwa yanayopanda kutoka shimoni na mawe ya shaba. Alipostaafu akawa fundi wa maneno. Alisema aliwahi kulipandisha gari kinyumenyume hadi juu akiwa amelala usingizi. Alisema katika shimo la zamani lililojaa maji wanaishi samaki wa kijani, na ukiwakaanga sufuria inatoka inang'aa kama ya harusi. Watu walimwamini nusu, na hiyo nusu ilimtosha.

Lakini hadithi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya ndoa yake ya kwanza.

"Mi sikuoaka bibi," alikuwa akisema, mkono mmoja kwenye kikombe cha munkoyo, kinywaji cha mahindi. "Mi nilioaka nyumba. Bibi njo alikuwa funguo."

Hapo wazee walikuwa wakigonga magoti kwa kicheko, maana wote walizikumbuka siku zile. Kijana asiye na mke kampuni ilimlaza chumba kimoja na wenzake, miguu ya huyu kwenye pua ya yule. Aliyeonyesha kwamba amefunga ndoa kanisani aliingia kwenye orodha ya nyumba za matofali, na mbele ya nyumba kulikuwa na kiwanja kidogo cha kupanda matembele. Kuna waliooa haraka, hilo halina ubishi. Na Kazadi alijiweka wa kwanza kati yao, akasimulia hivyo miaka na miaka, mpaka mtaa mzima ukajua kwamba Jocelyne wa watu aliolewa pamoja na paa.

Huyo Jocelyne alikwisha kuondoka zamani. Ilikuwa hivi. Kazadi alishikwa na homa, homa kali ya kutetemesha kitanda. Wao ni Baluba wa Kasai, na kwao mke aliyetoka nje ya ndoa lazima aseme mwenyewe kwa mdomo wake. Akinyamaza, wanasema, ugonjwa unaingia nyumbani na kumchukua mume. Jocelyne alimwangalia mumewe akiweweseka, akaita wajomba wa Kazadi, akapiga magoti, akasema: kulikuwa na mtu wa treni, mara moja, na amejuta. Wajomba wakamkataza Kazadi asiguse tena chakula cha mikono yake. Kuna namna ya kusafishana, kuna kuku mweupe, kuna maneno ya wazee, na mambo huisha. Lakini wajomba walikuwa na hasira, wakasema hakuna kuku. Wakamrudisha Jocelyne kwao.

Siku chache baadaye nesi alimwambia Kazadi kwamba ilikuwa malaria tu. Kwinini ilikuwa imeshaimaliza.

Ndipo akaja Simone. Walioana kwa wazee na kwa komini, yaani serikalini, wakazaa, wakalea, wakazeeka. Mwanamke wa maneno machache na mgongo ulionyooka. Lakini kanisani, kwa kuwa Jocelyne yuko hai na ndoa ile ya kwanza imesimama, Simone hakuweza kukomunika. Kila Jumapili alikaa benchi la karibu na dirisha, na wakati wa komunyo alikunja magoti pembeni ili wenzake wapite. Wakienda, alikunja. Wakirudi na mwili wa Bwana mdomoni, alikunja tena. Wakati huo Kazadi alikuwa amekwisha kutoka nje, anawachekesha wale vijana wa pikipiki, mawewa, wanaongoja abiria ukutani. Alisema kuna joto ndani.

Simone alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: asikunje magoti tena. Apande altareni pamoja na wengine.

Jumapili moja mchana walikutana uani kwao watu wawili wasiopaswa kukutana. Mmoja ni Modeste, mdogo wake Simone, mchungaji wa kanisa la uamsho lenye ngoma kubwa kuliko paa lake. Wa pili ni Padri Banza wa parokia, kijana mwenye subira, aliyekuja kubariki nyumba. Simone alikuwa anasonga bukari.

"Yaya," Modeste akamwambia dada yake, "unakaa pa benchi kila mwaka sawa mugonjwa pa hospitali, juu ya nini? Kuja kwetu. Jumamosi moja tu. Nitabawekea mikono, munatoka bibi na bwana mbele ya Mungu."

"Modeste, mi njo nilikuwa ninakupanguza makamasi," Simone akasema bila kugeuka. "Ile mikono ninaijua mahali ilipita. Siwezi kuinamisha kichwa chini yake."

Padri akacheka ndani ya glasi. Modeste akamgeukia.

"Cheka tu, Padri. Lakini fungua Matayo. Yesu mwenyewe aliacha mulango: bibi akizini, bwana eko huru. Na Jocelyne alisema kwa kinywa yake, batu balisikia."

"Na we fungua Marko. Fungua na Luka. Kule hakuna mulango, hata dirisha. Na ile ya Matayo batu banaisoma namna mbilimbili tangu zamani."

"Alors, Mungu alimuambia Matayo kitu, akamuficha Marko?"

"Pengine aliwaambia bote basifukuze babibi."

Kazadi akakohoa. "Mi niko hapa. Munasema juu yangu sawa juu ya moteri imekufa."

"Ni vile tu," Modeste akasema kwa kukata tamaa, "Jocelyne akikufa, kesi inakwisha."

Mwiko wa Simone ukasimama katikati ya sufuria. "Usirudilie ile neno hapa mu lupango yangu."

Padri hakujua, lakini Kazadi alijua. Mwaka mmoja, zamani, mtu alileta habari kwamba Jocelyne anakohoa, na Simone akajikuta anauliza kama anakohoa sana. Aliliogopa swali lake mwenyewe. Tangu hapo kila sikukuu ya Watakatifu Wote aliwasha mshumaa kwa ajili ya afya ya Jocelyne, na mshumaa ulifanya kazi: Jocelyne alikuwa mzima kama mashine mpya.

"Kanisa linasema munaweza kuishi sawa kaka na dada," Padri akasema polepole, akiona haya kidogo, maana hao wangeweza kuwa wazazi wake. "Hapo mutakomunika."

"Padri, tulishajaribu, Kwaresima moja. Huyu alienda kulala pa sofa. Asubui akaambia batu bote eti nyoka njo alimufukuza mu kitanda." Wakacheka wote, Kazadi zaidi. Kisha Simone akaweka mwiko chini. "Na tena, mi sikuolewa na kaka yangu."

Padri akakiri kwamba hata mapadri wenyewe hubishana juu ya watu kama hawa, na kwamba yeye hulala vibaya kwa ajili yao. Halafu akamtazama Kazadi kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Tata Kazadi. Ile habari ya nyumba, yenye unasimuliaka. Ni kweli?"

"Habari gani?"

"Ya kwamba haukuoa bibi, ulioa nyumba."

Akawaeleza. Jimboni kuna mapadri ambao kazi yao ni kupima ndoa. Hawavunji, maana Kanisa halivunji. Wanaangalia tu kama siku ile palikuwa na ndoa. Mtu akisimama altareni akasema ndiyo kwa mdomo huku moyoni hataki kuoa kabisa, anataka kitu kingine tu, wanaweza kuamua kwamba ndoa ile haikuzaliwa. Na kama haikuzaliwa, Simone ataolewa kanisani, kwa shela akipenda.

Simone alikuwa amegeuka. Kazadi hakuwahi kuyaona macho yake hivyo, si siku ya harusi yao ya komini, si siku alipozaliwa mtoto wao wa kwanza. Naye hakuwahi maishani mwake kuikana hadithi ambayo watu wanaipenda.

"Ni kweli kabisa," akasema.

Kuanzia hapo mambo yakaenda yenyewe. Mashahidi hawakutafutwa, nusu ya mtaa walikuwa wamemsikia kwa masikio yao. Wazee wa munkoyo walikuja kwa Padri wamevaa makoti, wakaapa kwamba Kazadi alioa nyumba, wakaongeza na rangi ya milango. Simone akashonesha kikwembe kipya, kitenge cha akina mama wa parokia, akakiweka juu ya kabati, na kila jioni alikishusha akakitazama kisha akakirudisha. Akawa anaimba jikoni. Kazadi alikuwa anamsikia kutoka uani, na kila alipomsikia alitamani kwenda kunywa maji.

Alibaki Jocelyne. Naye lazima aulizwe. Kazadi akaomba nafasi kwenye lori la Moussa, anayesafirisha mizigo kwenda Mutshatsha, kwao Jocelyne. Huyu Moussa ni mtoto wa marehemu Tata Nasoro, Mwislamu mwenye duka la zamani karibu na soko.

"Tata Kazadi," Moussa akasema njiani, akikwepa mashimo, "si njo we ulikaaka chumba yetu ya nyuma? Baba alikuwa anasimulia. Anasema ile paa ilikuwa inavuja hata juu ya maharusi."

"Baba yako alikuwa anaongeza chumvi," Kazadi akajibu, akatazama nje ya dirisha mpaka Mutshatsha.

Jocelyne alikuwa anauza makala, mkaa wa kupikia, karibu na reli. Mvi zimejaa, mikono myeusi hadi viwikoni. Alimtambua hata kabla hajashuka.

"Umekonda," akamwambia. "Habakupatie chakula?"

Kazadi akaketi juu ya gunia. Akamweleza yote: mapadri, benchi, magoti. Jocelyne alisikiliza huku akipanga vipande vya makala kwenye ndoo, vikubwa juu, vidogo chini, kama wafanyavyo wauzaji wote.

"Na yule muntu wa treni?" Kazadi akauliza, ingawa hakukusudia.

"Yule? Alishukaka pa stesheni ingine zamani." Akatabasamu kidogo. "Niliungama, Kazadi, nikakaa peke yangu. Unajua mi ninakomunika kila Jumapili? Mi mwenye nilikosa. Na bibi yako, mwenye hakukosa kitu, eko anakaa pa benchi. Nilipoisikia niliona haya mbele ya Mungu."

"Basi utatusaidia?"

"Nitasema kitu chenye utasema. Ukisema nyumba, nitasema nyumba. Nilishakuharibia chakula mara moja, sitakuharibia mara ya pili." Akaendelea kupanga. "Ila uniambie tu, juu nisikosee mbele ya mapadri. Ile nyumba ya kampuni tuliipataka wakati gani?"

Kazadi akaokota kipande kilichoanguka, akakirudisha ndooni.

"Tulikaa kwa Tata Nasoro masika yote. Nyumba yenyewe tulikuwa hatujaisikia hata jina. Mvua ikianza, ulikuwa unasimama na beseni juu ya kichwa yangu nipate kulala. Ulisimama mpaka mikono inatetemeka, njo unabadilisha. Unakumbuka?"

"Ni zamani," Kazadi akasema.

"Eee. Ni zamani."

Siku ya kuulizwa, Simone alikwenda naye. Akavaa kile kikwembe kipya, akaketi kwenye kiti cha koridoni na rozari yake, akamnyooshea mume kola. "Sema tu vile unasemaka," akamwambia. "Usiongeze magari na basamaki."

Ndani kulikuwa na padri mzee mwenye miwani, sauti ndogo, na Injili mezani. Kazadi akaweka mkono juu yake. Kitabu kilikuwa baridi.

"Tata Kazadi, siku ile uliposema ndiyo, ulikuwa unataka nini?"

Hadithi ilikuwa tayari. Aliijua kama barabara ya kwenda kwake: mahali pa kunyamaza, mahali pa kupiga goti, mahali ambapo watu wanacheka. Akafungua mdomo. Na pale mdomoni, mahali pa hadithi, akakuta beseni. Beseni la enameli lililomeguka ukingoni, maji yanapiga tip tip tip, na chini yake Jocelyne amelala mdomo wazi, msichana wa watu, hana habari.

"Nilikuwa ninamutaka yeye," akasema.

Padri mzee akainua macho. "Na nyumba?"

"Nyumba ilikuja nyuma. Tulikuwa tunalala mu mvua." Sauti ilikuwa yake lakini hakuizoea. "Ile habari niliitunga kiisha kumurudisha kwao. Alisema kosa yake juu mi nisikufe, Padri. Alijua batamufukuza, akasema. Na mi nikapona, nikawaachia bajomba. Sasa muntu mwenye alifukuza bibi mwenye alimupenda, ataambia benzake nini? Nikasema nilioa nyumba. Bakacheka. Nikaona njo dawa yenyewe."

Padri mzee alivua miwani akaifuta, na kuifuta kukachukua muda. Akasema anamshukuru. Akasema kwa maneno hayo yeye hana la kufanya. Ndoa aliyoelezewa ni ndoa, na tena nzuri kuliko nyingi alizoziona. Hakusema kwa ukali. Kazadi angependa aseme kwa ukali.

Koridoni Simone alisimama kabla mlango haujafungwa.

"Ulisema?"

"Nilisema."

"Ulisema nini?"

Akamwambia. Yote, na beseni. Simone akaketi tena. Akaanza kulainisha kikwembe juu ya magoti, mkunjo mmoja mmoja, kama mtu anayepiga pasi.

"Unadanganya batu tangu nilikujua," akasema hatimaye. "Magari, banyoka, basamaki. Na ile moja yenye ingenisaidia..."

"Ulitaka nidanganye juu ya Injili?"

"Sikutaka udanganye! Mi niliona ni kweli." Akaifunga rozari ndani ya ngumi. "Kazadi, mi niliamini. Miaka yote nililala karibu ya muntu mwenye aliniambia hakupendaka muntu mbele yangu. Umeninyima komunyo, na ile nayo umeikamata."

Walirudi nyumbani, Kazadi nyuma, Simone mbele, na kwenye kona ya mawewa vijana wakaita, "Tata Kazadi, habari ya leo?" naye akapita kama kiziwi.

Lakini Mungu si Athumani, na mambo hayakuishia hapo. Yule padri mzee hakulala. Aligeuka kitandani wiki nzima, akawaita wenzake, wakafungua Matayo na Marko na kila kilichoandikwa, wakaona kwamba mtu aliyesema kweli namna ile hawezi kurudishwa mikono mitupu. Siku ya Pasaka Padri Banza akamwita Simone kwa jina mbele ya watu wote. Simone akainuka katika kikwembe chake kipya, akapanda, mgongo umenyooka. King'ora cha mgodi kikanyamaza chenyewe. Modeste, aliyekuwa anachungulia dirishani, akalia mpaka tai ikalowa. Na Kazadi akapiga magoti kando yake, na wote wawili wakapokea, na tangu hapo hawajakunja magoti kumpisha mtu.

Nilipofika hapo nikaweka kalamu chini, nikaona nimefanya kazi nzuri. Nikaenda kumsomea Mama Simone mwenyewe, uani kwake. Alikuwa anachambua maharagwe. Kazadi alikuwa kwenye kigoda, anatengeneza redio ambayo haina ubovu.

Alisikiliza bila kunikatiza. Pa samaki alitikisa kichwa. Pa beseni mikono yake ilisimama ndani ya maharagwe, kisha ikaendelea.

"Soma tena pa Pasaka," akasema.

Nikasoma.

"Nani alipanda?"

"We, mama."

"Na biatu gani?"

Sikuwa nimefikiria viatu.

"Mi nilibakia pa benchi," akasema. "Sawa siku zote. Nilikunja magoti, batu bakapita. Padri Banza alipita na kikombe, akaniangalia, mi nikaangalia chini juu asione haya. Kile kikwembe nilimupatia mutoto ya Modeste." Akatupa kijiwe mbali. "Na huyu" (akamwonyesha Kazadi kwa kidevu) "siku ile hakutoka inje. Mara ya kwanza. Alikaa, akakunja yake pia. Hatukusemezana. Njo ile tu ilikuwa."

"Mama, nilitaka tu imalizike vizuri. Batu babaki na furaha."

"Na yeye alitakaka batu bacheke."

Kazadi hakuinua kichwa kutoka kwenye redio, lakini niliona masikio yake yanasikiliza.

"Lete jogoo," Mama Simone akasema.

Nilijaribu. Nilisema jogoo ni mzee, nyama yake kama tairi. Nilisema dhamana ilikuwa namna ya kuanzia hadithi tu, wasomaji wanaelewa. Mama Simone akaendelea na maharagwe. Jioni ile ile nilimleta mimi mwenyewe, miguu imefungwa, ananitazama kwa jicho lake la manjano kama anayeuliza nimemwambia nani nini. Nikamchinja mlangoni kwao. Alipikwa akapikwa. Walinipa shingo.

Jumapili hakukuwa na wa kuniamsha. King'ora kililia peke yake, nami nikageuka upande wa pili. Nilifika kanisani watu wamekwisha kusimama mstari wa komunyo, na pale karibu na dirisha niliwaona wawili wale, hawatazamani, magoti wameyakunja upande mmoja. Nikawaomba njia. Wakanipisha.